Kusi Inapopanda Mlima: Mombasa, Wundanyi hadi Taveta

Nimeandika haya nikiwa nimesharudi nyumbani, kwa msaada wa picha za simu na daftari ambalo kurasa zake kadhaa zililowa. Bei na saa ni zile nilizonukuu palepale. Maneno ya watu nimeyaweka kama nilivyoyasikia. Majina yao nimewaachia wenyewe.

Jumanne, Mombasa

Ilikuwa mapema Julai, upepo wa kusi umeshika sawasawa. Bandari ya Kale mashua ndogo zimevutwa juu, wavuvi wanashona nyavu, na bei ya samaki aina ya changu imepanda kwa kuwa wachache tu wanathubutu kuvuka mwamba. Kwetu mwambao upepo ni kalenda. Kaskazi huingia Desemba, ikaja na joto na bahari tulivu, ikakaa mpaka Machi. Kusi hushika Aprili ikenda nayo mpaka Septemba au Oktoba. Baina yao ni maleleji, pepo zisizojua zielekee wapi. Kwa karne na karne majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi, na mji huu wa Mvita ulijengwa juu ya subira hiyo: ukikosa upepo wa kwendea, unangoja miezi, unakodi nyumba, pengine unaoa.

Aliyenitia hamu ya safari ni mama mmoja anayeleta mboga soko la Kongowea kutoka Werugha, kule Taita. Siku hiyo upepo ulikuwa ukipeperusha turubai la kibanda chake, nami nikaulalamikia. Akacheka. "Upepo wenu huu, baba, ukifika kwetu hugeuka maji. Nenda ukaone." Nilipomuuliza hugeuka vipi akasema yeye yuko kazini, wateja wamesimama, ila mamake yupo nyumbani na huko sitokosa mtu wa kunipikia. Akanipa nambari ya simu.

Nikamchukua mpwa wangu, kijana aliyemaliza kidato cha nne, mwenye simu ya kamera nzuri kuliko yangu. Mamake akamfungia sweta mbili. Yeye akaiacha moja mlangoni, akasema Taita ni Kenya, si Ulaya.

Jumatano, Mombasa hadi Wundanyi

Mwembe Tayari saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mahamri na mbaazi kwa mama wa pembeni, chai ya rangi, jumla shilingi 180 watu wawili. Matatu ya Voi ilikuwa 600 kwa kichwa. Makanga alituapia kuwa kimebaki kiti kimoja na gari linaondoka sasa hivi. Kiti hicho kimoja kilikaliwa na watu watano, mmoja baada ya mwengine, na tukaondoka saa mbili kasoro.

Mlima wa Mazeras foleni ya malori, Mariakani penye mizani foleni nyengine. Hapa hapana la kusimulia.

Baada ya Samburu joto lilibadilika. Kule chini jasho linakuganda mwilini. Hapa linakauka kabla hujalipangusa. Nyika ya Taru ni vichaka vya miba na udongo mwekundu. Mackinnon Road dereva alipunguza mwendo mbele ya msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, na abiria kadhaa wakatoa sadaka dirishani, Waislamu na wasio Waislamu. Mbele kidogo tukaiona chamchela: nguzo ya vumbi jekundu, ndefu kupita mnazi, inatembea peke yake uwanjani, imebeba majani makavu na mfuko wa plastiki juu kabisa. Mpwa wangu akanyanyua simu. Bibi aliyekaa kiti cha nyuma akamgusa bega.

"Usimpige picha huyo, mwanangu. Anapita na njia yake."

Kijana akaishusha simu, na mimi nikamshukuru kimoyomoyo. Nyumbani pia tunaambiwa ukiiona chamchela sema audhubillahi na uipishe. Sababu yenyewe si ngeni: udongo usio na kivuli huungua na jua, hewa iliyo juu yake hupaa kwa ghafula, na ile inayokimbilia kujaza pengo huja ikizunguka. Lakini bibi yule hakukosea kuwa ina njia yake. Iliukata uwanja mshazari, ikafika barabarani, ikafa.

Maungu tulisimama kununua maji. Ukiangalia mkono wa kushoto utauona mlima Kasigau umesimama peke yake nyikani, mita 1,600 na kitu. Mbingu yote ilikuwa nyeupe kwa jua, na kile kilele tu ndicho kilichofunikwa wingu. Muuza maji akasema miezi hii huwa hivyo kila siku. "Wingu hilo halitoki mahali. Linazaliwa palepale." Sijapata kusikia maelezo mafupi na sahihi kuliko hayo. Kusi inatoka baharini imejaa mvuke, inapita nyika tambarare bila kuzuiwa na chochote, inagonga Kasigau, inalazimika kupanda, inapoa, na mvuke wake unaonekana.

Voi tulifika saa sita kasoro. Ugali, mbuzi wa kukaanga na kachumbari, 300 sahani. Hoteli zilizo karibu na steji ni ghali kidogo. Ukivuka upande wa soko utakula kwa 200.

Matatu ya Wundanyi 300. Mpaka Mwatate ni tambarare, mashamba ya katani yamepangwa kwa mistari mpaka macho yachoke. Kisha barabara inaanza kupanda na kujikunja. Voi iko kwenye mita 600 hivi juu ya bahari, Wundanyi kwenye 1,400, na kupanda kwenyewe ni kilomita chache tu. Hewa kavu inayopanda hupoteza takriban nyuzi kumi kwa kila mita 1,000. Ikishaanza kutoa wingu hupoa polepole zaidi, nyuzi tano au sita. Hesabu hiyo niliisikia mwilini. Kona ya kwanza madirisha yote wazi. Kona ya katikati mama mmoja akafunga lake. Tulipofika juu yote yamefungwa, vioo vimeingia mvuke, na mpwa wangu ameikunja mikono ndani ya fulana.

Gesti ya katikati ya mji 1,200 chumba cha vitanda viwili, maji moto kwa ndoo. Omba blanketi la pili mapema, kabla wageni wengine hawajafika.

Sasa nije kwenye jambo lililonipeleka. Jioni baada ya magharibi nilikaa nje na mlinzi wa gesti, mzee wa makamo aliyevaa koti la jeshi na kofia ya sufi. Nilimwambia nimekuja kuangalia upepo. Hakucheka. Akanyoosha kidole bondeni, kwenye nyumba zilizokuwa zikipika.

"Tazama moshi," akasema. "Mchana moshi hupanda na mlima. Saa hizi, jua likishazama, husimama. Haujui uende wapi. Ngoja."

Tukangoja. Moshi wa nyumba tatu ulikuwa umesimama wima, kisha juu ukatanda bapa. Ikapita kama nusu saa. Nilikuwa nikimweleza habari za Mombasa, nami nikaona moshi wa nyumba ya juu kabisa unainama, si kwa kuvumiwa, kwa uzito tu, ukaanza kuteremka na mkondo wa bonde. Ukafuata wa pili. Baadaye wa chini. Dakika chache tena nikausikia shingoni, hewa nyembamba ya baridi inatoka nyuma yangu, upande wa mlima, wakati kusi ya siku nzima ilikuwa ikitujia kutoka mbele.

"Huo ndio wetu," mzee akasema. "Ule wa mchana ni wa kwenu."

Usiku mteremko hupoteza joto haraka, hewa inayougusa hupoa, hewa baridi ni nzito, nzito huteremka. Mchana kinyume chake: jua linapasha mteremko, hewa inapanda. Wavuvi wetu wanalijua jambo hili kwa upande wao, maana alfajiri hutoka kwa umande unaovuma kutoka bara na adhuhuri hurudi kwa upepo wa bahari. Tofauti niliyoiona, na ndiyo iliyonikaa katika safari nzima, ni hii: sisi pwani tunauhesabu upepo kwa mwezi, watu wa mlimani wanauhesabu kwa saa. Ukimuuliza mzee wa Forodhani upepo gani huu atakujibu kwa msimu. Ukimuuliza mlinzi yule anaangalia kwanza jua liko wapi.

Akaniambia pia kwamba zamani mtu hakujenga choo upande wa juu wa nyumba, wala kibanda cha ng'ombe. Sababu ni usiku.

Alhamisi, Werugha na Ngangao

Bodaboda mpaka Werugha 300 kila mmoja. Mvua ikinyesha hupanda. Barabara ina lami sehemu na sehemu haina, na dereva wetu aliendesha taa zimewaka saa tatu asubuhi, kwa ukungu. Shamba moja unaliona, la pili hulioni. Sauti ya jogoo inatoka mahali pasipo na nyumba.

Bibi, mama wa yule muuza mboga, alitupokea jikoni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama nguo, akamtazama mpwa wangu, akaingia ndani akatoka na koti kuukuu la marehemu mumewe. Kijana alilivaa bila ubishi mpaka siku tunaondoka mlimani.

Chakula kilikuwa kimanga, mihogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, na chai ya maziwa iliyochemka mpaka imekuwa nyekundu. Nilimweleza bibi alichosema bintiye. Akasema ni kweli ila si yote. Kipupwe hiki, kwake yeye, ni vitu vitatu. Ni maji ya bure kwa kabichi. Ni ugonjwa kwa viazi, maana majani yakilala na unyevu siku nyingi huingia madoa meusi na kuoza. Na ni kifua kwa wajukuu. "Ukungu ukikaa wiki, watoto wote shuleni wanakohoa wimbo mmoja." Nilimuuliza kama angependa upepo huu usije. Aliniangalia kwa muda. "Usipokuja tutakula nini?"

Jirani yake, mkulima wa makamo, hakuwa mpole hivyo. Alitupeleka shambani kuona mahindi yaliyolala. Shamba lake liko kwenye mgongo wa kilima, pale ambapo upepo unabanwa kabla ya kuvuka, na hakuna kitu cha kuuzuia tangu alipokata miti ya mpakani kulipa karo. Amepanda migrevilia mipya, bado mifupi. Yeye upepo anauita mwizi. Alitaja mwaka ulioondoka na bati za jiko lake, akatuonyesha mawe aliyoyapanga juu ya bati mpya. Ukipita Werugha utayaona mawe hayo juu ya nyumba nyingi za migongoni, bondeni huyaoni.

Mchana tukaenda msitu wa Ngangao. Tafuta kiongozi wa kijijini, msitu ni mdogo, takriban hekta 120, lakini ukungu ukishuka njia zote hufanana. Sisi tulimlipa kijana 800 kwa saa tatu hivi na hakuharakisha. Milima ya Taita ndiyo ya mwisho upande wa kaskazini katika safu iitwayo Tao la Mashariki, inayoshuka Tanzania kupitia Pare na Usambara mpaka Udzungwa. Misitu hii imekuwa ikinyonya unyevu wa Bahari ya Hindi kwa muda mrefu mno, na imetengana na misitu mingine kwa nyika kavu, ndiyo maana ina ndege wadogo na mimea isiyopatikana popote pengine duniani. Leo ya asili imebaki vipande tu: Ngangao, Mbololo, Chawia na vyengine vidogo zaidi.

Nje ya msitu barabara ilikuwa kavu. Sikosei, nina picha: vumbi kwenye kiatu changu. Tukaingia chini ya miti, na hatua ishirini ndani mvua ilikuwa ikinyesha. Haikutoka mawinguni. Ilitoka majanini. Kiongozi akatusimamisha mbele ya mti mmoja mnene, magome yake yameota manyoya ya kijani kutoka chini mpaka pale macho yanapokoma. Akayabonyeza kwa kidole kimoja, maji yakamtiririka mpaka kiwiko. Kisha akatuonyesha jani. Ukungu ulikuwa ukipita mbele yetu kwa mwendo wa mtu anayetembea, hauna uzito wowote, na kwenye ncha ya jani lile tone lilikuwa likikua. Nililihesabia pumzi. Lilifika ukubwa wa punje ya mtama, likadondoka, na jengine likaanza palepale. Sasa zidisha kwa majani yote ya msitu, mchana na usiku, Juni mpaka Agosti, miezi ambayo huko chini Voi hakuna mvua.

"Hii ndiyo mito yetu," akasema. Anaamini, na wazee aliokulia kwao wanaamini, kuwa palipokatwa msitu wa asili ukungu hupita bila kuacha kitu. Mikaratusi, kwa maneno yake, ni mgeni anayekunywa bila kuchangia. Misitu mingine ilisalimika kwa sababu ilikuwa fighi, mahali pa kulindwa na wazee, ambapo mtu hakwenda kukata kuni kwa kuwa alijua kitakachompata. Kijana huyu ni mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili na alisema hivyo bila kuona haya.

Kwa anayejali simu yake: mfuko wa nailoni wa kufungika. Kamera ya mpwa wangu iliingia mvuke ndani ya kioo na picha za saa nzima zilitoka nyeupe.

Ijumaa, Vuria

Tulirudi Wundanyi jana yake jioni ili leo tupande Vuria mapema na tuwahi sala ya Ijumaa. Vuria ndicho kilele kirefu kuliko vyote vya Taita, mita 2,208, na gari lenye nguvu linafika karibu na juu kwa sababu ya minara ya mawasiliano. Sisi tulikodi bodaboda mbili, 700 kila moja kwenda na kurudi pamoja na kusubiriwa. Bei ya kwanza ilikuwa 1,200. Zungumza taratibu, usitie hasira.

Juu kule huwezi kusimama wima upande wa kusini-mashariki. Nyaya za minara zinalia kwa sauti mbili, moja nzito haikati, nyengine nyembamba inapanda na kushuka. Askari wa zamu alitukaribisha kibandani kwake upande uliokingwa. Alisema mwezi wa kwanza alikuwa halali kwa kelele ile. Sasa ikikoma ndipo anaposhtuka na kutoka na tochi. Saa za usiku hazitazami kwenye simu. Kelele ikipungua anajua ni karibu na alfajiri.

Sijui kama kila siku huwa hivi, lakini saa tatu na robo tuliona jambo ambalo peke yake lilitosha kuwa sababu ya safari. Kusi ilikuwa ikilisukuma wingu kutoka upande wa Mwatate, linapanda mteremko, linafika kwenye mgongo wa mlima na kumwagika upande wa pili kama maziwa yaliyochemka sufuriani. Ungetegemea lifike chini lifunike kila kitu. Halikufika. Mita chache chini ya mgongo lilikuwa likichanika, likawa nyuzi, likatoweka, na nyuma yake kukaonekana nyika ya Tsavo Magharibi imelala juani, kavu, ya rangi ya simba. Wingu linakuja bila kukoma, na bila kukoma linakufa mahali palepale.

Hewa ikivuka huteremka, ikiteremka hubanwa, ikibanwa hupata joto, na wingu haliwezi kuishi ndani ya hewa inayopata joto. Ndiyo maana mteremko wa kusini-mashariki ni kabichi na migomba na ule wa kaskazini-magharibi ni mkavu zaidi, ingawa mtu anaweza kutoka huu mpaka ule kwa miguu asubuhi moja. Mwenye bodaboda wangu alioa upande ule mkavu. Akasema shemeji zake huku juu wanapaita "kwenye friji" na wakija matanga hawalali.

Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, hii ndiyo ile inayopita kwetu Makadara?" Nikamwambia ndiyo, ni hiyohiyo, imevuka bahari na imepanda mlima. Akakaa kimya kidogo kisha akauliza kama askari yule anaajiri.

Tuliwahi msikitini. Baada ya sala mzee mmoja, asili yake Lamu, aliyefungua duka Wundanyi miaka mingi, alitushika mkono mpaka kwake tukala wali na mchuzi wa nazi. Nazi huletewa kutoka Mtwapa. Akataka habari za bahari tu, habari za mlima anazo.

Jumamosi, Wundanyi hadi Taveta

Ukitaka kwenda Taveta teremka kwanza Mwatate, 150, ukadake gari la Taveta, 400. Barabara ni lami safi, inapita Bura na Maktau na kukata mbuga ya Tsavo. Ndovu tuliwaona wawili, wekundu kwa vumbi. Gari letu lilipata pancha kabla ya Maktau na spea nayo ilikuwa haina upepo. Tulikaa saa moja na nusu juani. Dereva wa lori la saruji alisimama bila kupungiwa, akatoa pampu yake, akajaza, akakataa hata pesa ya soda.

Jumamosi ni siku ya soko Taveta na mji ulikuwa umejaa watu wa pande zote mbili za mpaka. Mikungu ya ndizi imelazwa chini mpaka barabarani. Nilimuuliza muuza ndizi mlima Kilimanjaro uko wapi, maana mbele yangu niliona weupe mtupu. Akanyoosha mkono kwenye weupe ule, juu kuliko nilivyokuwa nikitazama.

"Saa hii amelala. Rudi alfajiri."

Gesti 1,000, feni haifanyi kazi, neti ina matundu. Mwanzo wa usiku ilikuwa joto la kwetu kabisa na mbu wa kutosha. Lakini kiasi cha saa nane usiku niliamshwa na pazia: upepo umeingia, baridi, mkavu, kutoka upande wa mlima. Mbu wakapotea. Asubuhi mwenye gesti alisema upepo huo anaungoja kila usiku, na kitanda chake mwenyewe amekielekeza dirisha la upande huo.

Jumapili, Taveta na kurudi

Saa kumi na mbili na robo tulikuwa barabarani. Mlima wote ulikuwa wazi, Kibo na theluji yake kushoto, Mawenzi yenye meno upande wa huku, hauna hata wingu la kupangusia. Mita 5,895, nasi tumesimama kwenye mia saba na ushei. Saa mbili kulikuwa na kamba nyembamba ya wingu katikati. Saa nne mlima haupo.

Hapa mambo ya moshi wa Wundanyi yanarudi kwa ukubwa wa nchi. Usiku kucha hewa iliyopoa huko juu huteremka na kuyafukuza mawingu. Jua likipiga miteremko hewa hupanda na unyevu wa misitu na mashamba, ukafunga kilele kabla ya saa ya chai. Muuza kahawa mmoja, mzaliwa wa Himo upande wa Tanzania, alisema kwao mtu akitaka kuapa huapa asubuhi, mlima ukiwa unamtazama, mchana hauaminiki. Huenda alitania. Nimeandika kama alivyosema.

Basi la moja kwa moja hadi Mombasa 1,000, liliondoka saa tano, likafika Changamwe saa kumi na mbili jioni na likakaa hapo saa nzima zaidi kwa foleni.

Kwa atakayefuata: ukungu wa Taita ni wa Juni mpaka Agosti, na ndipo baridi. Ukitaka Kilimanjaro wazi kwa muda mrefu zaidi nenda Januari au Februari, kaskazi ikiwa imetulia. Wapenzi wa ndege waangalie Novemba na Desemba kwenye vilima vya Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi. Usiku wa ukungu usio na mwezi, ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia huvutwa na taa kwa maelfu, na wataalamu wamekuwa wakiwavisha pete miguuni pale tangu 1969. Viatu viwe vya kufunika. Pesa taslimu za noti ndogo, kwani Werugha mtandao wa simu hukatika na mama wa mboga hana chenji ya elfu.

Mkungu wa ndizi niliununua 350 sokoni. Makanga wa basi alitaka 200 za nauli ya mkungu, nami nikasema mkungu hauketi kitini. Tulibishana mpaka Maktau. Mwisho alichukua chane mbili, akagawa moja kwa abiria wa mbele, na ya pili akaila peke yake kabla hatujafika Voi.